Mji wa Chumba cha Kufulia

Uwanja wangu uko chini ya ukuta wa mji wa kale, upande wa bandari, na haufai kwa kitu kingine chochote isipokuwa kuegesha magari ya kulala. Nazungumzia yale makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambayo watu wakistaafu huyanunua badala ya kutulia nyumbani wakalea wajukuu. Wanakuja, wanarudi kinyumenyume hadi ukutani, wanachomeka umeme, wanajaza maji, wanamwaga kisanduku cha choo kwenye shimo lenye kifuniko cha chuma, kisha wanapanda kwa miguu kupitia lango la chini kwenda kupiga picha mawe ya zamani. Jioni wanarudi miguu imevimba. Kazi yangu kubwa ni kuhakikisha mpira wa maji ya kunywa haukutani na mpira wa kuoshea kile kisanduku, na jambo hilo nimelipigia kelele hadi wageni wakanipa jina la Mama Bomba. Sijali. Afadhali jina hilo kuliko kipindupindu.

Kati ya wageni wote, waliokuja kila mwaka bila kukosa ni mzee mmoja niliyemwita Dereva, pamoja na mkewe. Dereva alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu hadi alipostaafu, na mwili wake ulikuwa bado unaamini kuwa nyuma yake kuna shehena. Ujanani aliwahi kushuka kunywa chai, akaliacha lori mbele ya mgahawa, akarudi akakuta turubai limechanwa na mzigo umekwenda. Polisi walimweka ndani wakimshuku kuwa alikula njama, na alipotoka hakuwa na kazi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo alikuwa haachi gari. Hata hili la kulala, ambalo ndani yake mwizi angeambulia sufuria na mablanketi, alilikalia ulinzi kutwa nzima, kwenye kiti cha kukunja kando ya mlango, redio miguuni.

Basi walikuwa na utaratibu wao. Gari likishaegeshwa, mke anavaa kofia, anachukua mkoba na chupa ya maji, anakwenda kutembea, mume anabaki. Jioni mke anarudi na kumsimulia aliyoyaona. Miji yote waliyoifikia waliigawana hivyo, mume akapata uwanja na mke akapata mji. Dereva alijisifia mpango huo mbele yangu zaidi ya mara moja. Alijiona amempa mkewe dunia nzima, yeye akabaki na mzigo wa kulinda tu, na uso wake akisema hayo ulikuwa uso wa mtu aliyelipa mahari vizuri.

Mwaka wao wa kwanza nilimkuta yule mke nyuma ya chumba changu cha kufulia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia mapajani. Nikadhani anaumwa. Kumbe alikuwa amefika langoni, akautazama mtaa unaopanda, akageuka. Miguu yake ilikuwa mizima wakati ule. Kilichomshinda ni kutembea peke yake katika mji ambao hamjui mtu, akiona kitu kizuri hana wa kumgusa bega. Miji iliyotangulia alijilazimisha, na huu wetu ndio uliomkuta amechoka. Lakini mume alikuwa anamsubiri jioni na kiu yake ya habari, na hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba zawadi aliyopewa haitaki.

Nikamwambia aingie ndani, jua lisimuue bure, na kama anatafuta la kufanya shuka ninazozifulia nyumba za wageni zipo.

Chumba kile kina mashine mbili, meza ndefu ya kukunjia na kadirisha kamoja. Mlango wake unatazama barabara ya nyuma, kwa hiyo aliyeko uwanjani haoni anayeingia wala anayetoka. Kati ya kiti cha Dereva na meza yangu palikuwa na ukuta wa matofali, basi. Mkewe alikaa upande wa pili wa ukuta huo siku hiyo, na kesho yake, na mwaka uliofuata, na mingine yote.

Mimi nimezaliwa ndani ya mji ule. Nikamsimulia. Tulishika shuka, yeye pembe mbili mimi pembe mbili, na tukisogeleana kukunja nilimpa mtaa wa wasuka kamba, ambako hupiti ila kwa kuruka nyuzi zilizotandazwa. Nikampa kisima kilichomo katikati ya duka la mshona viatu. Nikampa ngazi za forodha, ngazi za mawe pana kama kitanda, zinazoshuka hadi majini, na mwanamke anayekaa ngazi ya juu akiuza maji ya ndimu na kuwatukana manahodha mmoja mmoja. Nilisema kuna, sikusema kulikuwa. Forodha yenyewe ilivunjwa nikiwa bado msichana, lakini mtu anayesimulia kwao hana haja ya kueleza kipi kimebaki na kipi kimekwenda. Na yeye hakuniuliza.

Jioni alizunguka kwa barabara ya nyuma, akavipaka viatu vyake vumbi kwa makusudi, akaingia kwa geti kubwa kama mtu aliyetoka mbali. Nami kwenye kadirisha kangu niliusikia mji wangu ukirudi umependeza. Mwanamke wa ndimu alipewa mguu mbovu na binti aliyeolewa ng'ambo, na mwaka wa tatu hivi alikuwa ameshaanza kumsalimia mgeni wake kwa jina. Chumvi aliyoiongeza yule mama ingetosha kukausha samaki wa bandari nzima. Dereva alisikiliza mdomo wazi. Redio aliizima.

Tukawa ndugu. Nilimwita dada, akaniita mdogo wangu, na Dereva akawa shemeji yangu bila kuulizwa maoni yake. Nilimtania kwamba dada yangu ana bahati ya kuolewa na kufuli. Alicheka, lakini nami moyoni nilikuwa namkasirikia kweli. Nilikuwa nikimwangalia pale kitini na kujiuliza mtu mzima anawezaje kuwa mwema kiasi kile na asione kitu.

Mwaka ninaousimulia walifika wakiwa wamechelewa msimu. Nilijua kuna jambo kwa sababu Dereva, ambaye siku zote alirudi nyuma mara moja na kusimama sawasawa, safari hii alirudi, akatoka, akarudi tena. Dada hakushuka. Alikuwa kitandani kando ya dirisha, vifundo vya miguu vimejaa, na maneno yake yalikuja machache machache kwa sababu pumzi ilikuwa inayakata. Moyo, waliniambia. Daktari alikuwa amesema umechoka na hakuna dawa ya kuupumzisha. Safari aliiomba mwenyewe.

Asubuhi yake nilikuwa napanga shuka mezani, mlango ukafunguka, akaingia Dereva. Katika miaka yote hakuwahi kufika pale, na nilishtuka kana kwamba nimefumaniwa.

"Shemeji," akasema, "nataka kumpeleka kwenye ngazi zake."

Nilimuuliza ngazi gani, ingawa nilijua.

"Za forodha. Mimi nikikosa usingizi ndizo anazonisimulia hadi nalala. Nataka akae pale hata mara moja, na mimi niko pembeni yake."

Akanieleza mpango wake. Kiti cha magurudumu kilikuwemo garini, kimekunjwa. Lakini yeye hajawahi kupakia abiria kwenye barabara asiyoijua, na hataanza leo na mke wake. Kwa hiyo angetangulia mwenyewe, akague njia, aone vilima na mashimo, arudi amchukue. Aliniomba nikae na mgonjwa hadi arudi. Kisha akauweka ufunguo wa gari juu ya shuka zangu safi. Mimi ufunguo ule sikuwahi kuuona mbali na mwili wake.

Nilifanya kila niwezalo. Nilimwambia jua kali, njia imejaa mawe, watu wa mjini wana haraka na hawamheshimu mzee. Nilipandisha sauti, maana ndivyo nilivyo. Akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Mbona unanizuia kama askari wa barabarani?" Akaenda. Nilimwona akifika langoni, akageuka kulitazama gari, akasimama pale kwa muda, halafu akapita.

Nikakimbilia kwa dada. Niliingia, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia yote kwa mkupuo: kwamba mumewe amekwenda kutafuta ngazi, na kwamba ngazi hazipo, zilivunjwa kabla yeye hajawahi kuukanyaga uwanja wangu. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo.

"Kwa hiyo hata ningepanda," alisema alipopata pumzi, "nisingezikuta."

Nikamwambia asingezikuta. Wala kisima. Wala wasuka kamba. Kamba sasa zinatoka kiwandani zimeshafungwa kwenye mifuko. Akafuta machozi ya kicheko, na chini yake nikaona yale mengine.

Mimi ulimi wangu ulikuwa tayari. Nilimpangia la kusema: kwamba ngazi zimevunjwa mwaka huu huu, kwamba mzee wa watu amepotea njia akatokea upande usio wenyewe, kwamba nitaapa mimi mwenyewe, kule ndiko nilikozaliwa na nani ataniambia siujui mji wangu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini nilikuwa radhi kuirefusha kwa ajili yake hata kwa mikono.

Alitikisa kichwa. "Kufa nimeshakubali, mdogo wangu. Ninachoogopa ni kuzikwa na mtu asiyenijua. Atalia pale kaburini, atamlilia yule mwanamke wa kwenye ngazi, na mimi nitakuwa nimelala chini namsikiliza." Akapumzika kidogo. "Na nikimwambia, atayatazama maisha yetu yote aseme alikuwa akilala na mwongo. Sasa wewe niambie nichague lipi."

Nilimnywesha maji. Tukakaa, na kila hatua iliyopita nje ilitushtua wote wawili. Niseme ukweli, niliomba Dereva akutane na rafiki, akae, anywe chai, achelewe, ili wakati huo usifike.

Alirudi jua likiwa limeinama. Kwanza tulimsikia akilizunguka gari, akigonga magurudumu kwa kiatu, mazoea. Kisha akapanda, akakizungusha kiti cha usukani kututazama, akakaa. Nikainuka niwaachie nafasi, dada akanishika mkono, nikabaki.

Alitoa ripoti ya njia kama alivyozoea kuwaeleza madereva wenzake. Lango lina kizingiti, lakini kiti kitapita akikiinua kwa nyuma. Mtaa wa kwanza ni mawe na utatikisa. Baada yake lami, nzuri, ila malori ya makontena yanatokea kulia bila honi. Kuna kivuli mahali pawili. Halafu akaitazama mikono yake.

"Ngazi hazipo," akasema. "Nimeuliza. Fundi saa mmoja amenicheka, ameniambia forodha ilivunjwa yeye hajaoa, na sasa ana wajukuu."

Mdomo wangu ulishafunguka. Dada akaniminya kiganja.

"Sikuwahi kufika, mume wangu," alisema. "Hata lango sikuvuka."

Hakuinua sauti wala hakusogea. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole, kupitia dirishani, ule ukuta wa matofali.

"Hapo?"

"Hapo, kwa huyu. Nilikuwa naisikia redio yako. Taarifa ya habari ya jioni ikianza, najua nimebakiza kidogo nirudi kwako."

Dereva akasimama, akashuka garini. Nilimwona akienda hadi kwenye ule ukuta, akasimama mbele yake kama mtu anayesubiri kufunguliwa, na akauwekea kiganja. Dada alifumba macho. Nilihisi mkono wake unapoa ndani ya wangu, na nikamchukia yule mwanamume kwa dakika zote alizotuweka pale. Nilidhani amekwenda na dada atafia mikononi mwangu akiwa na jibu baya.

Akarudi. Hakuketi kwenye kiti cha usukani. Alipiga magoti sakafuni, kichwa kikawa sawa na mto wa mkewe, akamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa unafurahi sana nikikusimulia."

"Nilikuwa nafurahi kwa sababu nilidhani wewe unafurahi." Akaushika ukingo wa mto. "Mimi kile kiti nakichukia. Kila mji nilikaa nikakichukia. Nilijiambia mmoja lazima akae ili mwingine atembee."

Nilitaka kuwazaba vibao wote wawili, kwa zamu. Badala yake nililia kwa sauti, mimi ambaye hakuna aliyeniuliza kitu, hadi dada akaniambia nitawaletea watu. Kisha nikawaacha. Wakati nafunga mlango Dereva alikuwa anamuuliza, polepole, ni nani basi aliyempa yule mwanamke wa ndimu mguu mbovu, naye akajibu kwamba ni yeye, kwa sababu bila mguu mbovu angekuwa anahamahama.

Kesho yake Dereva alimvalisha kofia, akamkalisha kwenye kiti, akanitupia ufunguo bila hata kunitazama, wakapanda. Gari aliliacha wazi. Walirudi kabla ya mchana, kwa kuwa pumzi ilikuwa imegoma. Nikamuuliza dada ameonaje. Alisema mji wangu ni mbaya kweli kweli, ni maduka ya simu matupu, na pale penye ngazi zangu pana uzio wa waya na makontena yamepangwa hadi mbinguni. Walikaa mbele ya uzio huo wakala mkate. Kila alipoona kitu, cha maana au cha kijinga, alimgusa mumewe bega. Alimgusa mara nyingi hadi mzee akalalamika. Sijawahi kumwona mtu aliyefurahishwa na makontena namna ile.

Siku iliyofuata waliondoka, wakawahi kwao. Alifariki wiki chache baadaye. Dereva alinipigia simu mwenyewe, akasema maneno mawili, simu ikabaki wazi bila mtu kuzungumza, nami sikukata.

Mwaka uliofuata sikumtarajia. Nilipoliona lile gari likiingia getini nilijificha kwanza ndani, ni aibu kusema, kwa sababu sikujua nitamwambia nini mjane mwenye gari lenye vitanda viwili. Aliegesha. Sikuona kiti kikitolewa. Mlango aliuacha wazi, akazunguka kwa barabara ya nyuma, na akaingia chumbani kwangu bila kubisha.

Aliniuliza mkewe alikuwa anakaa wapi. Nikamwonyesha, upande wa meza karibu na kadirisha. Alikwenda akasimama pale, akaugusa ubao wa meza, akatazama nje kama kutafuta kinachoonekana. Hakuna kinachoonekana kutoka pale isipokuwa mawe ya ukuta wa mji.

"Shemeji," akasema, "mji nimeshauona, hauna kitu. Lakini siku zile zote alikuwa kwako, hakuwa kwangu. Alikuwa anafanya nini?"

Mimi mwenye mdomo wa kusikika hadi bandarini nilianza na vidogo vidogo. Nilimwambia alikuwa hawezi kupiga pasi kola ya shati na alikataa kufundishwa. Nilimwambia alikuwa anaiba sukari kwenye kopo langu akidhani sioni. Nilimwambia kuna mwaka tulinuniana kutwa nzima kwa ajili ya foronya, na kwamba mashine zikianza kunguruma, akiamini hakuna anayemsikia, alikuwa anaimba.

"Aliimba?"

"Kila siku. Tena vibaya."

Akavuta stuli, akakaa, mikono magotini. Alisema ameishi naye tangu wote wawili wana nywele nyeusi na hajawahi kumsikia akiimba hata mara moja. Akaniuliza wimbo gani. Nikazima mashine, nikamwimbia kadiri nilivyoukumbuka.